Mwenye shoka hili anatumia mkono gani?

Nina mwaka wa kumi na mbili sasa kwenye hii kazi ya kutengeneza modeli na propsi, yaani vile vitu wanavyoshika waigizaji, na kuna swali moja niliulizwa mwaka wa pili ambalo mpaka leo kila nikikaa mezani linanirudia.

Nilikuwa nimetengeneza shoka la mchezo wa jukwaani. Mhusika ni mzee mkata kuni anaishi peke yake, na kwenye sini ya mwisho amekaa tu analipangusa shoka lake dakika nzima bila kusema neno, kwahiyo dairekta alitaka shoka la maana. Nikakaa nalo wiki mbili. Mpini ni mti wa kweli, nimeuchonga mwenyewe mpaka ile pinda ya mwisho ikatoka vizuri, kichwa ni MDF, ile mbao ya unga wa mti uliogandamizwa, nimekivika shiti ya plastiki ya milimita 1, nikapaka fila, nikapiga msasa kuanzia namba 120 mpaka 800, praima, halafu rangi nyeusi ya kung'aa na juu yake unga wa aluminiamu nimeusugua kwa kitambaa taratibu mpaka ukilitazama unategemea ukiligusa usikie ubaridi wa chuma. Nikalizeesha, mikwaruzo, kutu, vumbi, kila kitu. Nikampelekea mzee aliyekuwa ananifundisha nikijua leo atanipa mkono.

Akalishika. Akaligeuza, akapitisha dole gumba kwenye makali, akaangalia pale kichwa kinapokutana na mpini, akaniuliza, "Mwenye shoka hili anatumia mkono gani?"

Nikamwambia mzee sijui, script haijasema.

"Script haitasema, wewe ndo unatakiwa ujue. Haya, anapasua kuni au anaangusha miti? Usiku analilaza nje au ndani?"

Sikuwa na jibu hata moja. Akaliweka mezani polepole, kwa heshima kabisa, akasema, "Ufundi wako nimeuona mwanangu, sina pa kukukosoa. Ila huyu mtu simuoni."

Halafu akaingia stoo akatoka na shoka lake mwenyewe la kweli, akaliweka pembeni ya langu akaniacha nalo akaenda kuendelea na kazi zake. Nikalikagua karibu saa nzima. Mpini wake chini kabisa, pale kwenye kifundo, una giza kama la ngozi, mafuta ya kiganja miaka na miaka, kwa sababu mkono wa chini hauhami. Kuanzia katikati kwenda juu umelainika unang'aa, maana mkono wa juu unateleza kila unapopiga. Chini tu ya kichwa mti umepondeka nyuzi zimesimama, hapo ndo panapopiga gogo ukikosea umbali. Kisogo cha shoka kimetanuka kingo zimejikunja kama uyoga, alikuwa anakitumia kugongea kabari. Kona ya mbele ya makali imeliwa kuliko ya nyuma kwa sababu ndo anayoinoa zaidi. Na kutu haiko kila mahali, iko ndani ya tundu pale mti unapogusana na chuma maana unyevu unalala pale, kwingine mkono na gogo vimeshaisugua. Kila alama ina sababu. Langu mi nilikuwa nimeligawia mikwaruzo sawasawa pande zote kama mtu anayenyunyizia maua maji, hakuna alama hata moja iliyojua kwanini ipo pale.

Sasa watu wengi wakizungumzia tofauti ya ufundi na usanii kwenye hizi kazi wanasema fundi anafuata vipimo na msanii anafuata moyo. Mi siikubali hiyo. Lile shoka la kwanza nililifanya kwa moyo wangu wote na mapenzi yote na bado lilikuwa ufundi mtupu. Na ile mikwaruzo ya uongo niliiweka kwa hisia kabisa, hisia tu, na ndo zilizoniangusha. Usanii aliokuwa anautaka yule mzee haukuwa hisia, ulikuwa uamuzi. Ni mtu gani, ana mkono gani, amekasirika mara ngapi na hili shoka mkononi. Ukishaamua hayo alama zinajipanga zenyewe na unaweza kumjibu mtu yeyote akikuuliza kwanini huu mwanya uko hapa.

Kuna kitu kwenye maneno yetu wenyewe kinanifurahisha hapa. Fundi, mafunzo, kufundisha, mwanafunzi, ukiyasikiliza utaona yanatoka nyumba moja, yaani ufundi ni kitu unafundwa. Sanaa nayo imetoka kwenye Kiarabu na huko asili yake ni kazi ya mikono, ustadi wa kutengeneza kitu, kwahiyo zamani msanii na fundi walikuwa wanakaa benchi moja kabisa. Halafu mtaani saivi ukisema fulani ananifanyia usanii kila mtu anaelewa unatapeliwa. Na sisi wa propsi si ndo kazi yetu hiyo? Chuma ambacho si chuma, jiwe la povu, dhahabu ya rezini. Mi hili neno silikwepi, nalichukua lote. Kazi yetu ni uongo tumepewa ruhusa na mtazamaji, na uongo mzuri unahitaji vitu viwili, usimame usianguke na uwe na habari ndani yake. Kusimama ni ufundi. Habari ni ule upande mwingine.

Ila nisije nikaonekana nadharau ufundi, maana umeniliza kweli kweli.

Mwaka wa nne nilichonga kichwa cha sanamu ya mfalme, cha kuvunjwa jukwaani, kwahiyo zilihitajika nakala kadhaa, kila onyesho linavunjwa kimoja. Wiki tatu nachonga ule udongo wa mafuta wa kuchongea, na safari hii nilikuwa nimeshajifunza, mfalme wangu nilikuwa namjua vizuri, alikuwa na jicho moja linalolegea na mdomo wa mtu aliyezoea kusubiriwa, wachoraji wake wamemsitiri lakini mchonga sanamu akashindwa kumsitiri kabisa. Nakwambia ilikuwa kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya. Nikajenga ukuta wa moldi, ile kalibu ya kutolea nakala, nikachanganya silikoni, mpira wa kumimina unaoganda, ile inayokauka kwa platinamu, nikapima kwa mizani, nikamimina kutoka kona moja uzi mwembamba kabisa ili hewa itoke, nikaenda kulala na amani. Kesho yake nafungua, nje imeganda safi, ndani pale inapogusana na udongo ni utelezi, gundi mbichi, inanata kwenye vidole na kwenye uso wa mfalme mzima. Nikasubiri siku ya pili. Ya tatu. Haikukauka na isingekauka hata ningesubiri mwaka.

Sababu ni salfa. Udongo mwingi wa kuchongea una salfa ndani, na silikoni ya platinamu ikikutana na salfa ule mchakato wa kuganda unauliwa pale pale. Glovu za mpira wa latex nazo zinaweza kufanya hivyo hivyo, hata mabaki ya silikoni ya aina nyingine, ile inayokauka kwa bati. Ningejaribu kijiko kimoja tu cha silikoni kwenye kipande cha udongo siku moja kabla ningejua. Au ningetumia ya bati, haina ugomvi na salfa ingawa moldi yake haidumu miaka mingi na inasinyaa kidogo kidogo. Nilikuwa nimeyasoma haya mahali nikayapita. Kumsafisha mfalme ile gundi nikafuta na jicho lake, na lile jicho sikulipata tena. Nilichonga lingine, likawa jicho zuri, lakini si lile.

Ndo maana nikisikia mtu anasema mi ni msanii, mambo ya kemikali sio yangu, roho inaniuma. Hadina, ile kemikali ya kugandisha, haibembelezwi. Ukikosea uzito wa mchanganyiko haiangalii ulikuwa na wazo zuri kiasi gani. Wazo linakaa ndani ya kitu, na kitu kikioza wazo limeondoka nacho, huwezi ukawaambia watazamaji jamani lilikuwepo jicho hapa. Wahenga wamesema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na kweli nilirudi mezani wiki ile ile, lakini tangu siku ile kila malighafi mpya naifanyia jaribio dogo kwanza, hata nikiwa na haraka namna gani, na nina daftari limejaa vipande vya majaribio nimevibandika na tarehe.

Kuna dada mmoja tulikuwa tunashea naye karakana, huyu alikuwa kinyume changu kabisa. Yeye alikuwa anawaona wenye vitu kabla hajashika hata kisu. Alitengeneza taa ya kandili, akaiweka masizi kwenye kioo upande mmoja tu. Nikamwambia dada umesahau upande wa pili. Akaniangalia kama nimeuliza kitu cha ajabu akasema, "Sijasahau kaka. Huyu mama anaitundika karibu na dirisha bovu, upepo unaingia, moto siku zote umelalia huku." Nikanyamaza. Hakuna aliyemwambia kuhusu dirisha bovu, na jukwaani dirisha halikuwepo kabisa. Lakini ukiitazama ile taa unajua yule mama nyumba yake ina baridi. Masizi tu, basi, na nyumba nzima imesimama nyuma yake.

Ile taa ikavunjika onyesho la pili. Kuna sini ya ugomvi, mwigizaji anaizungusha, mkono wa taa ukabaki kwenye vidole vyake na taa yenyewe ikabiringika mpaka mbele ya jukwaa na watu wakacheka mahali pa kulia. Alikuwa ameunga mkono kwenye mwili kwa gundi tu, kichwa kwa kichwa, bila pini. Gundi ya namna ile ukiivuta moja kwa moja inashika vizuri sana, lakini ukiizungusha nguvu yote inakwenda kwenye ukingo mmoja inaanza kubanduka kama stika. Alikuja karakana usiku ule hana raha kabisa. Tukakaa tukatoboa pande zote mbili tundu la milimita 2, tukaingiza waya wa chuma sentimita 3 kila upande, gundi ya epoksi, tukafunga na kamba mpaka asubuhi. Ile taa ilimaliza maonyesho yote yaliyobaki ikiwa na mkono wake.

Tukawa tunabadilishana tangu hapo. Mi namwonyesha viungo, pini, wapi moldi itagoma kutoka kwa sababu umbo limejikunja kwa ndani, kwanini uache matundu ya hewa kwenye sehemu za juu. Yeye akanifundisha kitu kimoja ambacho nakifanya mpaka leo, kabla sijagusa malighafi naandika nusu ukurasa kuhusu mwenye kitu. Sio historia ya kuigiza, mambo ya mkono tu: anakishikaje, anakiweka wapi, kimeshaanguka mara ngapi, nani alikuwa nacho kabla yake, amewahi kukitengeneza mwenyewe kikaharibika zaidi? Hapo mwanzo nilidhani ni mambo ya kupoteza muda. Saivi nikiruka hiyo nusu ukurasa ndo napoteza muda, maana naanza kuweka alama za kubahatisha halafu nazifuta.

Kwenye modeli ndogo huu mjadala una sura nyingine na una moto zaidi. Jamaa wa ndege za plastiki nawaheshimu sana, ni watu wa vipimo, lakini chukua ile mistari ya paneli inayochimbwa kwenye bawa la ndege ya kipimo cha 1:72, yaani ndogo mara 72 kuliko ya kweli. Tuseme mstari una upana wa milimita 0.3, mwembamba kabisa kwa macho. Zidisha mara 72. Ni milimita 21.6, zaidi ya sentimita mbili, yaani kwenye ndege ya kweli kidole chako kingeingia katikati ya bati na bati. Hakuna rubani atakayeipanda. Kwa vipimo vitupu ile mistari isingetakiwa kuwepo, ungeacha bawa laini kabisa, na fundi wa vipimo ana haki. Lakini uache laini uone, modeli inakufa, inakuwa kama kidude cha kuchezea watoto. Jicho linajua ndege imeunganishwa kwa mabati na linataka liambiwe. Kwahiyo unadanganya, unachimba, halafu unapitisha rangi nyembamba ya maji maji ikae ndani ya mstari, na hapo ndo usanii unapoanza kuhesabika: sio mistari yote inapata giza sawa. Mlango wa injini unaofunguliwa kila siku unapata zaidi. Paneli ambayo hakuna fundi aliyeigusa tangu ndege itoke kiwandani unaiacha.

Rangi nayo hivyo hivyo. Nyeusi ya kopo moja kwa moja kwenye modeli ndogo inaonekana nzito mno, kwa sababu kitu kikubwa ukikiona kutoka mbali hewa inakula rangi, nyeusi inasogea kwenye kijivu. Ukichanganya kijivu kidogo modeli inaonekana kubwa ghafla. Kwa kadi ya rangi umekosea, kwa jicho umepatia. Niliwahi kugombana na mtu karibu tuache kuongea kwa sababu ya hili, yeye anasema rangi rasmi ni ile na ina namba yake, mi namwambia namba ni ya ndege yenye mita kumi na wewe hapa una sentimita kumi na tano. Leo naona wote wawili tulikuwa tunamtetea mtazamaji, yeye anataka asidanganywe na mi nataka aione ndege.

Kuna mahali ufundi una fomula kabisa na ni raha sana kuijua. Ukipiga picha za filamu modeli ndogo inaanguka au inalipuka, ikichezwa kwa kasi ya kawaida inaanguka haraka mno na mtu anajua ni kidude cha kuchezea. Unapiga kwa kasi zaidi ili ikichezwa iende polepole, na kasi ya kuzidisha ni kipeuo cha pili cha kipimo. Modeli ya 1:16 unazidisha mara 4, badala ya fremu 24 kwa sekunde unapiga 96. Ya 1:25 mara 5, fremu 120. Haihitaji kipaji, hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza akizidisha vizuri anapata. Ila maji hayakubali, tone la maji halipungui kwa sababu umejenga meli ndogo, na ndo maana meli za modeli za kuelea zinajengwa kubwa kwa kadiri inavyowezekana. Fomula inakufikisha mpaka pale, halafu mtu anapaswa aamue kamera ikae chini kama jicho la mtu aliyesimama gatini au juu kama ndege, na moshi mwembamba kiasi gani upulizwe katikati ili umbali uonekane. Hapo hakuna kuzidisha.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni mpini wa ule upanga wa mwanga kwenye filamu ya Star Wars ya 1977. Roger Christian, aliyekuwa kwenye kupamba seti, hakuuchonga wala hakuumimina. Alichukua mpini wa flashi ya kamera za zamani za Graflex, akaongezea vikorokoro vichache, vipande vya kushikia na vingine vidogo, basi. Ukipima kwa ufundi wa mikono ni kazi ndogo. Lakini jicho lililoangalia kifaa cha mpiga picha likaona silaha ya mtu wa mbali, hiyo kazi si ndogo hata kidogo. Na waliotengeneza vyombo vya angani kwenye filamu ile ile walikuwa wanafungua maboksi ya modeli za vifaru na ndege wanachukua vipande wanabandika juu ya miili ya vyombo, mpaka kinaonekana mashine yenye maana ingawa hakuna bomba lenye kazi. Vipande vile vimechongwa na mafundi wengine kwa nia nyingine kabisa. Kuvipanga ndo kazi ilikuwa, pale pajae, pale paachwe wazi jicho lipumzike. Mi nimejaribu, na wanaosema ni kubandika tu hawajajaribu, kipande kimoja kikikaa vibaya chombo kizima kinarudi kuwa takataka iliyobandikwa gundi.

Halafu leo kuna watu wanatengeneza nakala za ule mpini kwa lathe, mashine ya kukereza chuma, wanabishana kuhusu sehemu ya milimita, wanatafuta kila skrubu ilivyokaa. Wengine wanawaita wanakili tu. Mi nasema ufundi wao unazidi wa ule wa kwanza kwa mbali sana, na sioni aibu yoyote ndani yake. Ila uamuzi ulishafanywa na mtu mwingine, wao wanautunza. Kuutunza uamuzi wa mtu kwa uaminifu ni kazi ya heshima na nimeifanya mara nyingi, na kusema kweli kuna majuma nachoka kuamua natamani nipewe kitu cha kunakili tu.

Kitu kingine nilichokosea miaka mingi ni umbali. Jicho zima, umbali wa mita 10, haliwezi kutenganisha vitu vilivyokaribiana chini ya kama milimita 3. Kwahiyo zile nyuzi za mti nilizokuwa nachora kwa brashi ya nywele tatu, mtu wa safu ya kati anaona rangi moja. Kwa muda nikaacha kabisa, nikawa natengeneza vitu vya jukwaani vikubwa vikubwa, michoro mipana, na kwa mtazamaji ilikuwa sahihi. Halafu mwigizaji mmoja, mtu mzima, akaniambia kwa upole, "Kijana, mimi ndo nakishika. Mimi niko karibu." Nikaelewa. Mtazamaji wa kwanza wa propsi ni yule aliyeishika, na akiamini yeye, yule wa safu ya mwisho anaona kwenye mabega yake. Uzito nao uko hapo hapo. Shoka la MDF ni jepesi, mtu analiinua kama fagio, na hakuna rangi itakayoficha ule mkono. Niliwahi kuchimba kichwa nikazika gramu 600 za risasi za kuvulia samaki ndani ya epoksi, na mwigizaji akaacha kuigiza uzito, akawa anaubeba. La kupigania ni habari nyingine, hilo ni sponji la EVA na fimbo ndani yake, hapo usalama wa mtu unakuja mbele ya kila kitu na mwigizaji atabidi afanye kazi hiyo mwenyewe.

Narudi kwenye shoka langu. Nilitengeneza la pili kwa siku tano. Nikaamua mzee ni wa mkono wa kushoto, anapasua kuni haangushi miti, na shoka linalala ndani nyuma ya mlango limeegemea kichwa chini, kwahiyo makali yana mikwaruzo midogo ya sakafu upande mmoja na mpini una alama ya kufifia pale unapogusa ukuta. Nikaamua mpini ni wa tatu, kichwa ni cha baba yake. Kwahiyo mti una miaka michache na chuma kina miaka mingi, kutu ya zamani ndani ya tundu lakini mti pale ni mweupe bado, hapo nilikaa nusu siku nzima. Nikaweka giza la mkono kwenye kifundo, nikapondaponda chini ya kichwa upande wa kushoto tu.

Nikampelekea mzee. Akalichukua kwa mkono wa kulia kama kawaida yake, akatulia, akalihamishia kushoto. Hakusema kitu kuhusu hilo na mi sikumuuliza. Akalitikisa mara moja karibu na sikio lake.

"Kabari inacheza," akasema.

Na kweli ilikuwa inacheza. Nilikuwa nimezama sana kwenye habari za baba na mwana mpaka kabari ya kushikilia kichwa nimeikata upande wa nyuzi laini, imekauka imelegea, na kile kichwa kingeweza kuruka kikampata mtu wa mstari wa mbele. Nikarudi nalo. Kuitoa ile kabari nikaharibu rangi yote ya juu ya mpini, ule weupe na ile kutu, kazi ya nusu siku. Nikakata kabari mpya ya mti mgumu, nikaipaka epoksi, nikaigonga mpaka ikagoma kuingia, nikalining'iniza kichwa chini usiku mzima, asubuhi nikalipiga kwenye gogo la kweli mara ishirini ndo nikakaa kupaka rangi upya. Safari ya pili ile kutu ilitoka tofauti, imeshuka kidogo zaidi kwenye mti, kama vile mwaka ule mvua ilikuwa nyingi na mlango ulikuwa unavuja. Nikaiacha hivyo.

Saivi mezani nina begi la daktari wa vijijini wa enzi za zamani. Ngozi nimeshaishona, bawaba nimezijaribu kufungua na kufunga mara mia mbili, hazina shida. Nusu ukurasa wangu ndo haujakamilika, najua anatembea kwa miguu, najua kamba ya kushikia ilikatika akaiunga mwenyewe kwa uzi wa kushonea vidonda. Bado sijajua akifika kwa mgonjwa analiweka begi chini au mezani, na mpaka nijue hilo sigusi kitako chake.